Dafrosa na Jalada la Kisima Kilichoibwa

Ipo nchi inaitwa Uwazini. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ni waraka wa serikali, na waraka wa serikali huombwa kwa barua. Wenyewe husema ndiyo nchi yenye uwazi kuliko zote duniani. Walipoulizwa ni nani aliyepima, walijibu kwamba matokeo ya kipimo yapo na yamehifadhiwa mahali salama.

Katika nchi hiyo, kwenye kaunti ya Mbelele, aliishi mwanamke aitwaye Dafrosa Mgimba, mpishi mkuu wa shule ya bweni ya wasichana. Alikuwa mfupi, mwenye mikono iliyozoea kusonga ugali wa watu mia sita, na hakupenda maneno mengi. Mdogo wake, Longino, alikuwa msoma mita wa Idara ya Maji ya kaunti. Alipita nyumba hadi nyumba na daftari lake, akaandika kile mita ilichosema, bila kuongeza wala kupunguza. Tabia hiyo ya kutoongeza wala kupunguza ndiyo iliyomponza.

Siku moja Longino alitumwa kijiji cha Mikungwi akasome mita ya kisima kipya. Kisima hicho kilikuwa na sifa zake. Kilikwenda chini mita tisini, kilikuwa na pampu mbili na kibao cha marumaru, na Mkuu wa Kaunti alikuwa amekizindua kwa hotuba ya saa mbili, akiwa ofisini kwake. Longino alifika Mikungwi, akazunguka asubuhi nzima, akawauliza kinamama waliokuwa wakipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Kisha akafungua daftari akaandika: "Hapa hakuna kisima."

Taarifa hiyo iliishtua kaunti nzima. Tume iliundwa, ikakaa miezi minne katika hoteli yenye utulivu, ikifikiri. Kisima kilichimbwa, ilisema tume, na hilo halina ubishi kwa kuwa karatasi zote zinasema hivyo. Sasa hakipo, na hilo nalo halina ubishi kwa kuwa limeandikwa na mtumishi wa serikali akiwa kazini. Kwa hiyo kimeibwa. Na mtu wa mwisho kuonekana mahali kilipopotelea, tena akiwa na daftari na kalamu, ni Longino Mgimba.

Akakamatwa kwa wizi wa kisima.

Kesi ilichukua miaka miwili. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi kumi na saba, mmoja wao akiwa mtaalamu wa mashimo, aliyeeleza kwa kiapo kwamba shimo likitolewa ardhini kwa ustadi linaweza kukunjwa na kubebwa kwa baiskeli. Hakimu wa wakati huo alikuwa mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu, mtu asiye na cha kupoteza tena. Alikwenda Mikungwi kwa miguu yake, akaziangalia nyasi, akarudi, akaandika hukumu ya kumwachia huru Longino. Ilisomwa siku ya Alhamisi, chumba cha mahakama kikiwa kitupu, kwa kuwa ratiba ya kesi za Alhamisi ilibandikwa ukutani siku ya Ijumaa.

Alasiri ile Longino alirudishwa gerezani akachukue nguo zake. Alikaa huko miaka mitatu.

*

Mkuu wa gereza, Afande Bakunda, alikuwa mtu mpole mwenye kitambi na huruma. Kila Dafrosa alipokwenda kumwona, alimpa kiti, akamwuliza hali ya mama yao mzee, kisha akamweleza jambo lile lile kwa upole ule ule.

"Mama, mimi sina kinyongo na ndugu yako. Tatizo ni kwamba ndugu yako si mfungwa. Alishaachiwa huru, nimeandika mwenyewe hapa kwenye kitabu. Nami nina mamlaka ya kuwatoa wafungwa. Mtu ambaye si mfungwa nitamtoaje?"

"Mwache tu apite getini, afande."

"Akipita getini bila karatasi atakuwa ametoroka. Na mtu asiye mfungwa akitoroka gerezani, sheria haina hata jina la kosa lake. Sitaki kumtia ndugu yako matatani." Akalifunga kabrasha taratibu. "Niletee nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama. Mwenyewe nimewaandikia barua mara kumi na moja. Wamenijibu mara moja, wakasema barua zangu zinatunzwa vizuri."

Siku za kutembelea wafungwa hazikumsaidia Dafrosa, maana zilikuwa za ndugu za wafungwa. Alipotaka kumwona mdogo wake aliingia kama mnunuzi wa mchicha. Longino alikuwa amepewa bustani ya gereza ailime ili asikae bure, kwa kuwa mtu huru haruhusiwi kula chakula cha serikali bila kufanya kazi.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza Longino, amechuchumaa kati ya matuta. Alikuwa amekonda, na nywele zilianza kuwa na mvi juu ya masikio.

"Macho yamezidi kufifia. Anakuuliza kila siku."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia ulishinda kesi."

Longino alichuma mchicha, akaufunga fungu kwa jani la mgomba, akampa. "Usimwambie tena hivyo, dada," alisema. "Atadhani sitaki kurudi nyumbani."

Dafrosa alitembea mpaka stendi na fungu lile mkononi, bila kuona anakokwenda. Kesho yake aliomba ruhusa shuleni.

*

Mahakama ya Kaunti ya Mbelele ilikuwa fahari ya Uwazini. Kuta za masijala yake, pale yanapotunzwa majalada ya kesi, zilikuwa za kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini, ili kila raia aweze kuona kwamba hakuna kinachofichwa. Wageni kutoka nchi jirani waliletwa kwa mabasi kuja kujifunza. Walisimama nje ya mstari mwekundu uliochorwa chini, wakayatazama majalada kwenye rafu, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Juu ya kioo palikuwa na maandishi ya dhahabu: KUMBUKUMBU ZA MAHAKAMA NI MALI YA UMMA. USIGUSE.

Mtu mwenye ufunguo wa mle ndani alikuwa Bwana Sefu Makorongo, Msajili Mwandamizi wa Kumbukumbu Zilizo Wazi. Alikuwa mrefu, msafi, na alizungumza kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi.

"Karibu, mama," alimwambia Dafrosa kupitia tundu la kioo. "Umefika katika ofisi ambayo haijawahi kumnyima mwananchi haki ya kupata habari. Nikusaidie nini?"

"Naomba nakala ya hukumu ya ndugu yangu, Longino Mgimba."

Bwana Makorongo aliinua uso. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina la mtu anayemdai salamu.

"Namba ya jalada?"

"Sina."

"Bila namba hatuwezi kutafuta."

"Namba inapatikana wapi?"

"Juu ya jalada," alisema Bwana Makorongo, akafunga tundu.

Mwanamke mwingine angelia. Dafrosa alitoka nje, akasimama kwenye mstari mwekundu, akaanza kusoma migongo ya majalada kupitia kioo, moja baada ya jingine, kama anavyohesabu magunia ya unga stoo. Alisoma asubuhi tatu mfululizo. Macho yalipochoka aliyapumzisha kwa kusoma Kanuni za Mahakama za Upatikanaji wa Kumbukumbu, zilizobandikwa pembeni kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Kwa muda wote ambao kanuni hizo zilikaa ukutani, hakuna aliyewahi kuzisoma, wakiwemo walioziandika. Dafrosa alizisoma zote thelathini na moja. Asubuhi ya tatu, rafu ya chini kabisa, nyuma ya ndoo ya kudekia, aliona mgongo ulioandikwa: Jinai Namba 214, Jamhuri dhidi ya Mgimba, Kisima.

Alirudi dirishani na namba yake.

Bwana Makorongo aliiangalia ile karatasi kama mtu aliyeletewa kitu kilichooza kwenye sahani safi. "Hongera, mama. Sasa tuelewane. Jalada hili ni mali ya nani?"

"Ya umma. Mmeandika hapo juu."

"Vizuri sana. Je, wewe ni umma?"

Dafrosa aligeuka kutazama nyuma yake.

"Wewe ni mtu mmoja," aliendelea Bwana Makorongo, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Nikikupa wewe mali ya umma, umma utaniuliza nimempa nani. Kanuni ya Tisa iko wazi. Umma ni watu wazima wasiopungua arobaini, waliofika pamoja, kwa nia moja, wakiwa na akili timamu. Umma ukija, nitaupokea kwa mikono miwili."

Alitamka hayo kwa amani. Tangu kanuni hiyo itungwe, umma haukuwahi kuja.

*

Bwana Makorongo hakujua kwamba mbele yake amesimama mtu ambaye kila siku, mara tatu, hupanga foleni ya watu mia sita wenye njaa.

Jumamosi Dafrosa alikwenda Mikungwi. Aliwakuta kinamama mtoni, akawaeleza bila kuzungusha. Kuna jalada, alisema, ndani yake kuna habari za kisima chenu. Ndugu yangu aliandika kwamba hakipo, naye anaozea gerezani kwa sababu hiyo. Nahitaji watu arobaini.

Kinamama walitua ndoo. Kwa miaka mitano walikuwa wakiambiwa na kila kiongozi aliyepita kwamba wao ni watu wenye kisima, na kwamba kuteka maji mtoni ni ukaidi. Mmoja wao, mama mwenye umri wa makamo aitwaye Sijali, aliuliza, "Tukienda tutakiona hicho kisima?"

"Kwenye karatasi, labda."

"Hata kwenye karatasi," alisema Sijali. "Nimechoka kuwa nacho bila kukiona."

Jumatatu saa tatu asubuhi waliingia mahakamani wanawake arobaini na wawili, Dafrosa akiwa mbele, wamejipanga wawili wawili. Bwana Makorongo aliwahesabu. Akawahesabu tena kuanzia nyuma, akitumaini hesabu ya nyuma itakuwa ndogo. Aliwauliza kama wana akili timamu, nao wakasema wanazo. Aliuliza kama wana nia moja. "Jinai Namba 214," walisema wote kwa pamoja, na kioo kikatetemeka.

Msajili alipekua kanuni zake mbele, akapekua nyuma, mwishowe akapata alichokuwa anakitafuta. Aliinua kichwa, nuru imemrudia usoni.

"Mna kibali cha mkutano?"

"Tumekuja kama umma," alisema Dafrosa. "Kanuni ya Tisa."

"Naam. Lakini kwa Kanuni ya Ishirini na Nne, umma ukikutana bila kibali ni mkusanyiko haramu. Na kibali hutolewa kwa umma uliojitambulisha hapa dirishani. Mngekuja kwanza kuomba."

"Wangapi?"

"Wote arobaini, mama. Bila kukusanyika."

Polisi waliitwa. Gari lao lilikuwa limejaa magunia ya mkaa ya mkuu wa kituo, likabakiza nafasi ya mtu mmoja, kwa hiyo walimkamata mtu mmoja. Dafrosa alishtakiwa kwa kosa la kujifanya umma bila kibali.

*

Kesi yake ilisikilizwa wiki iliyofuata na hakimu mpya, Mheshimiwa Ngwisa, aliyehamia Mbelele mwaka uliotangulia. Mheshimiwa huyu alikuwa na falsafa moja, kwamba kesi yoyote ikivuka saa sita na nusu mchana ni dhuluma kwa tumbo la hakimu. Wanawake wa Mikungwi walikuja. Safari hii hakuna aliyeweza kuwazuia, kwa kuwa mahakama za Uwazini husikiliza kesi hadharani, na mabenchi yalikuwa hayana kioo.

Dafrosa alikana kosa. Hakuwa na wakili.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye suti mpya na hamu kubwa ya kupandishwa cheo. Alieleza kwa mikono yake miwili jinsi mshtakiwa alivyopanga njama ya kulifikia jalada la mahakama, jalada lisilo na kosa lolote, lililokuwa limelala kwenye rafu yake. Ili hakimu aone uzito wa hatari iliyoepukwa, aliomba jalada lenyewe litolewe kama kielelezo. Bwana Makorongo, aliyeitwa kama shahidi, alimfanyia ishara ya nyusi kwamba hapana. Kijana aliielewa ishara hiyo kuwa ni pongezi. Jalada likaletwa, likawekwa mezani, limefungwa kwa utepe mwekundu.

Zamu ya Dafrosa ya kumhoji shahidi ilifika. Alisimama kizimbani na gauni lake la kanisani.

"Shahidi, hilo ni jalada nililolitaka?"

"Ndilo."

"Ndani yake kuna nini?"

"Siwezi kusema. Ni mali ya umma."

"Basi mahakama itajuaje kwamba ndilo?" Aligeukia meza ya hakimu. "Mheshimiwa, ndugu yangu alishtakiwa kwa kuiba kitu ambacho hakipo. Nisije nami nikafungwa kwa kutaka kitu ambacho hakipo. Naomba lisomwe, tujue kama ni jalada kweli au ni jalada la kubuni."

Hakimu Ngwisa alitazama saa. Ilikuwa saa tano na nusu. Alitazama unene wa jalada, akaona hukumu yenyewe ina kurasa nne tu. "Ombi lina mantiki," alisema. "Shahidi, soma hukumu. Kwa sauti, na usichelewe."

Bwana Makorongo alifungua utepe. Alianza vizuri, kwa sauti yake ya risala, akasoma kuhusu mshtakiwa na mashahidi kumi na saba. Alisoma jinsi mahakama ilivyofika Mikungwi na kukuta nyasi ambazo hazijawahi kufukuliwa tangu kuumbwa kwa dunia. Alisoma kwamba mtu hawezi kuiba shimo ambalo halikuchimbwa, na kwamba mtaalamu wa mashimo arudishwe alikotoka. Wanawake walisikiliza kama watu wanaosomewa wosia wa marehemu wao.

Ukurasa wa tatu sauti yake ilishuka. Katikati ya ukurasa alisita, akaendelea upesi.

"Samahani, mheshimiwa," alisema mwendesha mashtaka, aliyekuwa amesimama nyuma yake akifuatilia kwa kidole, kwa moyo wa kusaidia. "Shahidi ameruka mistari miwili."

"Shahidi, rudi," alisema hakimu bila kuinua uso.

Bwana Makorongo alirudi. Alisoma hivi, neno moja moja: "Mahakama inaona kwamba hati ya kukamilika kwa kisima hiki, inayothibitisha kwamba maji yake yamejaribiwa na ni matamu, ilitiwa saini na Afisa Ugavi wa Kaunti, Bwana Sefu Makorongo. Mahakama inaagiza achunguzwe."

Hakimu Ngwisa aliinua uso kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamtazama msajili, akalitazama jalada, akakumbuka alivyosimuliwa jinsi Bwana Makorongo alivyohamishiwa mahakamani wiki moja tu baada ya hukumu ile na kukabidhiwa funguo zote.

Kwenye benchi la mbele Sijali alimwinamia jirani yake. "Kwa hiyo ni huyu?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeulizia njia.

"Ndiye huyu."

"Aliyaonja."

"Akasema matamu."

Shahidi aliendelea kusoma mpaka mwisho, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Mwisho ulisema kwamba Longino Mgimba yuko huru kuanzia siku hiyo, atoke mahakamani aende kwao.

*

Hakimu aliahirisha shauri kwa nusu saa. Kutoka chumbani kwake ilisikika simu ikilia, kisha sauti yake ikisema "ndiyo, mkuu" mara nyingi, na "sikujua, mkuu" mara mbili. Aliporudi alikuwa na tabasamu ambalo halikuwa lake.

"Mahakama imetafakari," alisema. "Mahakama inaona kwamba mshtakiwa ni mama mwema, mpishi wa watoto wetu, aliyepotoka kidogo kwa upendo wa ndugu. Mahakama iko tayari kumwona hana hatia yoyote, aende nyumbani sasa hivi, na jambo hili lisahauliwe."

Dafrosa alishikilia ukingo wa kizimba. Alimkumbuka Longino akiwa amechuchumaa kwenye matuta yake. Alikumbuka pia Kanuni ya Thelathini na Moja, ya mwisho kabisa pale chini ukutani, iliyomlazimu kupiga magoti ili aisome.

"Mheshimiwa," alisema, "nabadilisha jibu langu. Nakiri kosa."

"Mama, umenisikia? Huna hatia."

"Nimesikia. Ninayo."

Hakimu aliinama mbele, akapunguza sauti kama daktari kitandani kwa mgonjwa. "Fikiria vizuri. Kwa nini mtu akatae kuachiwa huru?"

"Nimeona watu wanaoachiwa huru wanavyokaa," alisema Dafrosa. "Anayeachiwa huru hapewi karatasi. Lakini Kanuni ya Thelathini na Moja inasema anayetiwa hatiani atapewa, ndani ya siku moja, nakala ya mwenendo mzima wa shauri, pamoja na kila kielelezo kilichosomwa, kila ukurasa ukiwa na muhuri, ili aweze kukata rufaa. Mimi nataka kutiwa hatiani."

Hakimu alimgeukia mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka alikuwa anakagua vifungo vya suti yake. Hakimu alimsihi mshtakiwa mara ya tatu akubali kuwa hana hatia. Alimweleza faida zake. Alimwambia wapo watu waliotumia mali na ujana wao kutafuta kile ambacho yeye anapewa bure. Dafrosa alisimama pale pale, mikono yake mipana juu ya ubao, na nyuma yake wanawake arobaini na mmoja hawakuonyesha dalili ya kuondoka. Saa ya ukutani ilivuka saa sita na nusu.

Akatiwa hatiani. Aliamriwa kufagia viwanja vya mahakama kwa siku kumi na nne.

Kwa mujibu wa kanuni, mtu pekee mwenye mamlaka ya kugonga muhuri kwenye nakala alikuwa Msajili Mwandamizi wa Kumbukumbu Zilizo Wazi. Dafrosa alimsubiri dirishani kesho yake, ufagio mkononi. Bwana Makorongo aligonga muhuri ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila mmoja akaandika kwa mkono wake: "Nathibitisha kwamba haya ni ya kweli." Alipofika ukurasa wenye jina lake, mkono ulibaki hewani.

"Na huo," alisema Dafrosa.

Akagonga.

*

Afande Bakunda alisoma nakala yote akiwa amesimama, akavua kofia. Kikwazo kimoja kilibaki, alimwambia Dafrosa, na asikilize kwa makini. Longino hakuwa mfungwa, na asiye mfungwa hatolewi. Basi kwanza atamfunga. Longino alipewa sare, akapewa namba, akapigwa picha ya mbele na ya pembeni, akaandikwa kitabuni saa nne na dakika kumi. Saa nne na robo alitolewa kwa heshima zote, akarudishiwa suruali yake, ambayo haikumtosha tena kiunoni. Aliishikilia kwa mkono njia nzima.

Mama yao alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, akichambua maharage kwa vidole kwa kuwa macho hayakumsaidia. Longino alipiga magoti mbele yake. Bibi kizee alimpapasa kichwa, masikio, mabega, akarudi masikioni.

"Umekonda," alisema. "Dafrosa, mpe chakula." Kisha akashika mkono wake mmoja, hakuuachia, akaendelea kuchambua kwa ule mwingine.

Kaunti haikukaa kimya. Wiki hiyo hiyo ilitangaza kwa furaha kwamba kisima cha Mikungwi, kilichotafutwa kwa muda mrefu, kimepatikana ndani ya kumbukumbu za mahakama, kikiwa katika hali nzuri. Bwana Makorongo alipongezwa kwa kukitunza, akapandishwa kuwa Kamishna wa Uwazi wa taifa zima, na jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa Kanuni ya Thelathini na Moja. Wanawake wa Mikungwi waliendelea kwenda mtoni. Kiongozi aliyefuata kupita na kuwaita watu wenye kisima, walimwuliza kama ameyaonja maji yake, na walimzunguka wakingoja jibu mpaka gari lake lilipowashwa.

Longino alirudi Idara ya Maji kuomba kazi yake. Afisa Utumishi alimkaribisha, akafungua faili lake, akasoma nakala yenye muhuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Bwana Mgimba, hapa kuna jambo zito. Mahakama inasema ulikuwa mtu huru tangu Alhamisi ile, miaka mitatu iliyopita. Mbona hukuripoti kazini Ijumaa?"

Longino alinyoosha kidole kwenye nakala ile ile.

"Huo ni utoro, na utoro wa miaka mitatu haujawahi kutokea katika idara hii. Nitahitaji maelezo ya maandishi." Akamsukumia karatasi yenye mistari na kalamu. "Eleza ulikuwa wapi, na ulikuwa unafanya nini."

Longino aliivuta karatasi. Alifikiri kidogo, kisha akaandika kama alivyozoea kuandika, bila kuongeza wala kupunguza, akairudisha mezani. Afisa aliichukua akasoma. Aliigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo zaidi, hakukuwa na kitu. Akaigeuza tena, akasoma upya ule mstari mmoja.

"Nilikuwa gerezani, nikiwa huru, nalima mchicha."